Shajara ya mradi: vitufe vya mkato vya Bash kwenye laptopu na seva za mbali

2 Juni 2024. Sababu na mahali pa kuanzia

Nasimamia seva chache za Linux nikiwa Dar es Salaam, na mbili kati yake ziko Frankfurt. Siku za kawaida ping inarudi baada ya milisekunde kama 180. Mwezi uliopita, nyaya za baharini zilipokatika, hali ilifika mahali unabonyeza mshale wa kushoto kisha unasubiri kishale kijongee. Ukiwa ndani ya SSH (njia ya kuingia kwenye seva ya mbali), kila kitufe kinasafiri hadi kule, Bash ya kule (sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika) inaamua ichore nini, ndipo jibu linarudi kwenye kioo chako. Kurekebisha neno la kwanza la amri ndefu kwa kushikilia mshale ni kazi ya kubahatisha: huoni kishale kilipo, unapitiliza, unarudi, unapitiliza tena. Ctrl-A ni kitufe kimoja, safari moja, na unajua kwa hakika kimekufikisha wapi.

Basi mradi ni huu: faili moja la `.inputrc`, yaani la mipangilio ya vitufe, litakalofanya kazi sawasawa kwenye laptopu (Debian 12, Bash 5.2) na kwenye seva yetu ya zamani (CentOS 7, Bash 4.2). Ile ya zamani inatakiwa kuzimwa kabla mwezi haujaisha, kwa sababu msaada wa CentOS 7 unakoma tarehe 30 Juni. Lakini mpaka siku hiyo ndiyo tunayoishika kuliko zote.

Kwa atakayenifuata: si Bash yenyewe inayosoma vitufe. Kazi hiyo inafanywa na maktaba ya programu iitwayo Readline, iliyoanzishwa na Brian Fox na kutunzwa kwa miaka mingi na Chet Ramey, ambaye pia ndiye mtunzaji wa Bash. Maktaba hiyo hiyo inatumiwa na programu nyingine za mstari wa amri, kwa mfano gdb (ya kusaka makosa ya programu) na psql (ya hifadhidata ya PostgreSQL). Hilo litatuhusu huko mbele, kwa sababu unachoandika kwenye `.inputrc` kinazifikia zote.

Kabla ya kuongeza chochote nimekagua vilivyopo:

```
bind -P | grep -v 'is not bound'
```

Orodha ni ndefu, na nusu ya nilivyotaka kutengeneza vimo tayari. Ctrl-A na Ctrl-E kwenda mwanzo na mwisho wa mstari, Alt-B na Alt-F kuruka neno zima, Ctrl-U kukata kuanzia kishale kilipo kurudi mwanzo, Ctrl-K kukata kwenda mbele, Ctrl-Y kurudisha ulichokata, Ctrl-_ kutengua, Alt-. kuleta neno la mwisho la amri iliyopita. Hiyo ya Alt-nukta peke yake inaokoa muda mwingi kuliko yote niliyoongeza baadaye. Ukishafanya `mkdir /srv/data/2024-06`, unaandika `cd `, unabonyeza Alt-., njia nzima imekuja.

Gharama ya pesa hadi sasa: hakuna, kila kitu kimo ndani ya Debian. Gharama halisi ni nyingine, na nitaiandika kila mahali inapojitokeza: kila kitufe unachokipa kazi mpya kinaiacha ile ya zamani.

4 Juni 2024. Kitufe kinatuma nini hasa

Hatua hii wengi wanairuka, ndiyo maana wanahangaika. Sheli haioni vitufe. Inaona baiti. Ili kuziona na wewe, bonyeza Ctrl-V kisha kitufe unachokitaka. Kwenye laptopu yangu mshale wa juu unaandika `^[[A`. Ctrl pamoja na mshale wa kulia: `^[[1;5C`. F12: `^[[24~`. Hiyo `^[` ni Escape, na ndani ya `.inputrc` inaandikwa `\e`. Kwa hiyo F12 itaandikwa `"\e[24~"`.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuipa Ctrl-I kazi ya kutanguliza `sudo` (ya kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi) mbele ya amri niliyokwisha andika. Ikakubali mara moja, na papo hapo Tab ikafa. Kila nilipotaka kukamilisha jina la faili kwa Tab, ilichomeka `sudo`.

Sababu iko kwenye ASCII, jedwali la namba za herufi lililotoka mwaka 1963. Ctrl pamoja na herufi kubwa ni namba ya herufi hiyo ukitoa 64. I ni 73, toa 64 unapata 9, na 9 ndiyo Tab. M ni 77, inabaki 13, ambayo ni Enter. Mabano ya `[` ni 91, inabaki 27, yaani Escape. Hakuna namna ya Readline kujua kama umebonyeza Tab au Ctrl-I: baiti inayofika ni ile ile. Kwa sababu hiyo hiyo Ctrl-Shift-A na Ctrl-A kwa kawaida ni kitu kimoja kwa sheli.

Suluhisho: Ctrl-I, Ctrl-M, Ctrl-J, Ctrl-H na Ctrl-[ haziguswi. Ninavyovitumia kwa kazi mpya ni Alt na herufi ambayo haijashikwa, au Ctrl-X ikifuatiwa na herufi. Kujua kama Alt-S iko wazi:

```
bind -p | grep '"\\es"'
```

Kama hakuna kinachotoka, iko wazi.

7 Juni 2024. Faili jipya laua Ctrl na mshale

Nimeandika `.inputrc` ya kwanza, mistari michache tu ya kuboresha Tab:

```
set completion-ignore-case on
set show-all-if-ambiguous on
```

Kwenye laptopu, safi. Nikaipeleka kwenye seva ya CentOS, nikaingia upya. Tab ikafanya vizuri, ila Ctrl na mshale wa kulia, ambavyo siku zote viliruka neno, vikaanza kuandika `;5C` katikati ya amri. Mistari miwili isiyotaja mshale wowote imeuaje mishale?

Jibu ni kwamba Readline inasoma faili moja tu. Ikikuta `~/.inputrc`, inaishia hapo. Isipolikuta, ndipo inasoma `/etc/inputrc`. Vitufe vya Ctrl na mishale kwenye seva ile vilikuwa vimeandikwa ndani ya `/etc/inputrc`, na kwa kuunda faili langu nilikuwa nimeliziba hilo la mfumo. Laptopu haikuonyesha kasoro kwa sababu Readline mpya inavijua vitufe hivyo bila kuambiwa na faili lolote.

Dawa ni mstari mmoja, na uwe wa kwanza kabisa:

```
$include /etc/inputrc
```

Huu nauweka kila mahali, hata kwenye mashine isiyouhitaji leo. Hauna gharama. Baada ya kubadilisha faili si lazima utoke na kuingia tena: Ctrl-X kisha Ctrl-R inalisoma upya hapo hapo.

9 Juni 2024. Alt-F haifiki kwenye sheli

Alt-B inarudi nyuma neno moja vizuri. Alt-F, mwenzake wa kwenda mbele, inafungua menyu ya faili ya dirisha la terminali. Nimebonyeza Ctrl-V kisha Alt-F: hakuna kilichoandikwa, menyu tu. Maana yake ni kwamba Readline haina kosa lolote, kitufe kimenyakuliwa njiani.

Hapa ndipo mradi mzima uliponikalia sawa kichwani. Kati ya kidole na sheli kuna foleni: mazingira ya eneokazi, halafu programu ya terminali, halafu tmux au screen (programu za kugawa terminali moja kuwa kadhaa) kama unazitumia, halafu sehemu ya kerneli (kiini cha mfumo) inayosimamia tty, yaani terminali kwa upande wa Linux, na mwisho kabisa Readline. Yeyote katika foleni hiyo anaweza kukichukua kitufe, na hakuna anayekuambia. Kabla ya kugusa `.inputrc`, uliza kwanza kitufe kimeishia kwa nani. Ctrl-V inajibu swali hilo kwa sekunde moja: ikiandika kitu, kitufe kimefika, ikinyamaza, kimekamatwa mbele.

Dawa ya Alt-F iko kwenye mipangilio ya terminali, ambako kuna kisanduku cha kuzima vitufe vya kufungulia menyu. Pembeni yake kuna kingine cha kuzima F10, nimekizima pia. Gharama: menyu sasa naifungua kwa kipanya tu. Sijajuta.

Ndani ya foleni hiyo hiyo, tmux inakula Ctrl-B, na screen inakula Ctrl-A. Ile ya screen inauma zaidi kwa sababu Ctrl-A ndiyo ya kwenda mwanzo wa mstari, na seva ya zamani ina screen. Ukiwa ndani ya screen unabonyeza Ctrl-A kisha `a`, ndipo Bash inaipata. Sikubadilisha chochote hapo, kwa kuwa tunahama.

12 Juni 2024. Mshale wa juu unaotafuta kwenye historia

Kati ya yote niliyoongeza, hili ndilo napenda kila mtu awe nalo. Kwa kawaida mshale wa juu unaleta amri iliyopita, iwe yoyote. Kwa mistari hii, ukiandika `rsync` (amri ya kunakili faili) kisha ukabonyeza mshale wa juu, unapata amri zilizoanza na `rsync` tu:

```
"\e[A": history-search-backward
"\e[B": history-search-forward
```

Mstari ukiwa mtupu, mshale unafanya kama zamani. Kwa mtu anayerudia amri ndefu zilezile kwenye seva ya mbali, hii ni nafuu kubwa.

Ikafanya kazi kwa muda, kisha ikaanza kugoma mara moja moja. Wakati mwingine naandika `rsync`, nabonyeza juu, inaleta amri iliyopita kama vile sijaandika kitu. Nikifungua dirisha jipya, inapona. Kosa la kuja na kuondoka ndilo linalochosha, maana unapotaka kulichunguza limeshatoweka.

Siku ya leo limetokea mbele yangu, mara tu baada ya SSH kukatika nikiwa ndani ya vim, kihariri cha maandishi. Nikabonyeza Ctrl-V na mshale wa juu kabla ya kufunga dirisha. Ikaandika `^[OA`. Herufi O badala ya mabano.

Terminali ina hali mbili za mishale. Programu kama vim zinaweza kuibadilisha ikawa hali ya pili, ambayo mishale inatuma `\eOA`, na zinapofungwa vizuri zinairudisha. SSH ikikatika ghafla, hakuna wa kuirudisha. Readline inazijua namna zote mbili kwa kazi ya kawaida ya mshale, ndiyo maana mshale haukufa kabisa. Ila utafutaji niliuandika kwa namna moja tu. Kwa hiyo:

```
"\e[A": history-search-backward
"\eOA": history-search-backward
"\e[B": history-search-forward
"\eOB": history-search-forward
```

Tangu hapo haijagoma. Amri ya `reset` nayo inairudisha terminali kwenye hali yake, lakini nisingependa mtu alazimike kuitumia kila mtandao unapokatika, maana kwetu unakatika.

Niliipima pia fzf, zana ya kutafuta kwenye orodha, ambayo inaifanya Ctrl-R kuwa nzuri mno. Nimeiacha nje ya faili hili kwa sababu moja: seva nyingi ninazoingia hazina, na sitaki vidole vizoee kitu ambacho nusu ya mashine hazinacho.

15 Juni 2024. Ctrl-S inagandisha kioo, na kelele za rsync

Ctrl-R inatafuta kwenye historia kurudi nyuma. Ukipitiliza, Ctrl-S ndiyo ya kurudi mbele. Ukiibonyeza, kioo kinaganda. Herufi hazionekani, unadhani mtandao umekufa. Watu wengi huishia kufunga dirisha. Bonyeza Ctrl-Q, kila ulichoandika wakati wa kuganda kinatokea kwa mkupuo.

Aliyekichukua kitufe safari hii ni tty ya kerneli. Ctrl-S ni baiti 19 na Ctrl-Q ni baiti 17, alama za zamani za kusimamisha na kuendeleza mtiririko, zilizotumika na mashine za teletype kama Model 33 kusimamisha na kuendesha kisomea utepe wa karatasi. Utepe haupo tena, alama zimebaki. Kuzima:

```
stty -ixon
```

Gharama: huwezi tena kusimamisha maandishi yanayokimbia kwa Ctrl-S. Mimi hutumia `less`, sikupoteza kitu.

Hii haiwezi kuandikwa ndani ya `.inputrc`, kwa sababu si kazi ya Readline. Nikaiweka kwenye `.bashrc` ya seva ya zamani, pamoja na amri moja ya `bind` niliyokuwa naijaribu. Usiku ule ripoti ya rsync inayonakili data kutoka kule ikaja na mistari mipya:

```
stty: standard input: Inappropriate ioctl for device
.bashrc: line 14: bind: warning: line editing not enabled
```

Nakala ilikuwa salama, lakini ripoti yenye makosa ya bandia ni hatari, kwa sababu watu wanazoea kutoisoma. Chanzo: Bash ikiendeshwa kupitia SSH kwa amri moja, bila mtu kukaa mbele yake, bado inasoma `.bashrc`. Hakuna terminali hapo, kwa hiyo `stty` haina cha kurekebisha na `bind` haina kitufe cha kukipa kazi. Kwenye Debian faili la `.bashrc` linalokuja na mfumo lina kizuizi juu kabisa. Lile la CentOS halina. Mistari yote ya namna hii iwe ndani ya hiki:

```
if [[ $- == *i* ]]; then
    stty -ixon
fi
```

Kwa njia hiyo inasomwa tu pale ambapo kuna mtu kwenye kibodi.

19 Juni 2024. Ctrl-W isiyokubali kubadilika

Ctrl-W inafuta neno nyuma ya kishale, ila kwake neno ni kila kitu hadi kwenye nafasi. Ukiwa na `/var/log/nginx/access.log` na unataka kubadilisha jina la faili tu, inakufutia njia nzima. Readline ina kazi inayofaa zaidi, `unix-filename-rubout`, inayoishia kwenye mkwaju: inabaki `/var/log/nginx/`.

```
"\C-w": unix-filename-rubout
```

Nikasoma faili upya. Hakuna kilichobadilika. Nikajaribu kwa `bind` moja kwa moja, nikauliza `bind -q unix-filename-rubout`, nayo haikuitaja Ctrl-W. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Ctrl-V kisha Ctrl-W inaandika `^W`, kwa hiyo kitufe kinafika. Kwa mara ya kwanza aliyekuwa akinipokonya ni Readline yenyewe.

Ukitazama `stty -a` utaona `werase = ^W`. Tty ina herufi zake maalumu za kufutia, na Readline, kila inapoanza kusoma mstari mpya, inazichukua na kuzipa kazi zake za kawaida. Ulichoandika kinafutwa kabla hujakitumia. Mstari unaoizuia:

```
set bind-tty-special-chars off
```

Uandike juu ya ule wa Ctrl-W, usome upya, na itakubali. Backspace na Ctrl-U havikuathirika.

Siku hiyo hiyo simu ikalia, ni dada wa zamu. Seva moja ya Frankfurt ina akaunti tunayoitumia wengi, na faili lilikuwa limefika huko. "Mdogo wangu, Ctrl-W imekuwaje leo? Nafuta njia ya faili, inabaki nusu." Nikamjibu, "Shikamoo dada, ni mimi nimebadilisha, narudisha sasa hivi." Nikarudisha.

Kwenye akaunti ya pamoja faili langu sasa linakaa kwa jina lingine, na naingia hivi:

```
ssh -t seva 'INPUTRC=~/.inputrc.yangu bash -l'
```

Wengine hawaguswi. Nilijaribu kuiweka kama `RemoteCommand` ndani ya `~/.ssh/config` ili nisiandike kila mara, lakini rsync na scp kwa jina lile lile la seva zikakataa, kwa sababu SSH haikubali amri mbili kwa pamoja. Njia iliyobaki ni kuipa seva jina la pili humo, lenye `RequestTTY yes` na `RemoteCommand`, na kuliacha jina la kwanza kwa ajili ya kunakili faili.

23 Juni 2024. Kutanguliza sudo

Nimerudi kwenye wazo lililouawa na Tab. Safari hii kwa F12, na kwa `bind -x`, ambayo inaendesha kazi ya Bash na kuiruhusu iuguse mstari unaouandika:

```
weka_sudo() {
    READLINE_LINE="sudo $READLINE_LINE"
    READLINE_POINT=$((READLINE_POINT + 5))
}
bind -x '"\e[24~": weka_sudo'
```

Hiyo 5 ni herufi za `sudo` pamoja na nafasi, ili kishale kibaki pale kilipokuwa. Kwenye laptopu ni nzuri sana. Kwenye Bash 4.2:

```
bash: bash_execute_unix_command: cannot find keymap for command
```

Matoleo ya Bash kabla ya 4.3 hayawezi kutumia `bind -x` kwa mfuatano wa zaidi ya baiti mbili, na F12 inatuma tano. Kuna njia ya kuzunguka: ipe kazi Ctrl-X Ctrl-S, ambayo ni baiti mbili, halafu F12 iwe makro inayobonyeza hizo mbili. Inafanya kazi. Lakini nilipoitazama nikaona ni mzigo kwa jambo dogo, kwani makro peke yake inatosha na inakaa ndani ya `.inputrc`:

```
"\es": "\C-asudo \C-e"
```

Alt-S: nenda mwanzo, andika `sudo `, rudi mwisho. Inafanya kazi kwenye matoleo yote mawili. Gharama ni kwamba kishale kinaishia mwisho wa mstari hata kama kilikuwa katikati. Nimeikubali.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye makro. Kwanza, ziwekwe ndani ya `$if Bash` na `$endif`. Bila hivyo nilikuwa ndani ya psql, nikagusa Alt-S, na `sudo ` ikakaa mbele ya SELECT. Pili, hakuna makro yangu inayoishia na `\C-m`, ambayo ni Enter. Makro yenye Enter inaendesha chochote kilichokuwa kwenye mstari, pamoja na amri uliyokuwa hujaimaliza. Kubonyeza Enter kwa mkono ni kinga ya bei rahisi kuliko zote, sitaki kuiondoa.

26 Juni 2024. Ctrl-X Ctrl-E, na jinsi ya kutoka salama

Hii haihitaji kusanidiwa, ila inahitaji onyo. Ctrl-X Ctrl-E inaupeleka mstari wako ndani ya kihariri kilichotajwa na `VISUAL` au `EDITOR`. Kwa amri ndefu yenye mabomba na kitanzi, ni raha. Ukihifadhi na kutoka, Bash inaiendesha.

Tatizo ni pale unapobadilisha mawazo. Ndani ya vim, mtu huandika `:q!` akiamini ameghairi. Hajaghairi: faili la muda bado lina amri ile ya mwanzo, na Bash inaiendesha kama ilivyokuwa. Nimejaribu kwa `echo` kwanza, na ndivyo ilivyo. Kama ingekuwa `rm -r`, ingeshapita. Namna sahihi ya kughairi ni `:cq`, ambayo inatoka vim kwa kuashiria kushindwa, na Bash haiendeshi kitu. Kufuta mistari yote, kuhifadhi na kutoka nako kunasaidia. Nimewaandikia wenzangu wote hili leo, kabla ya kuwaambia kwamba kitufe chenyewe kipo.

Nilipima pia `set editing-mode vi`. Inafaa kwa anayeishi ndani ya vim, lakini makro ya Alt-S inavunjika, kwa kuwa imejengwa juu ya Ctrl-A na Ctrl-E za hali ya emacs. Nimebaki na emacs.

30 Juni 2024. Seva ya zamani imezimwa, faili lilivyo sasa

Huduma zote zimehamia Debian 12, na mashine ya CentOS 7 imezimwa leo. Njia ya kuzunguka ya Ctrl-X Ctrl-S haihitajiki tena, nimeiondoa. Mshale wa `\eOA` unabaki, kwa kuwa ule haukuwa ugonjwa wa CentOS. `~/.inputrc` nzima:

```
$include /etc/inputrc

set completion-ignore-case on
set show-all-if-ambiguous on
set enable-bracketed-paste on

# mshale wa juu na chini: tafuta kwa mwanzo wa amri
"\e[A": history-search-backward
"\eOA": history-search-backward
"\e[B": history-search-forward
"\eOB": history-search-forward

# Ctrl-W iishie kwenye mkwaju
set bind-tty-special-chars off
"\C-w": unix-filename-rubout

$if Bash
# Alt-S: tanguliza sudo
"\es": "\C-asudo \C-e"
$endif
```

Mstari wa `enable-bracketed-paste` unafanya maandishi yaliyobandikwa yasiendeshwe mpaka ubonyeze Enter mwenyewe. Kwenye Bash 5.1 na kuendelea imewashwa tayari. Nimeiandika kwa ajili ya mashine zenye 4.4 na 5.0, ambazo zinaijua lakini imezimwa.

Kwenye `.bashrc` kumebaki kile kizuizi chenye `stty -ixon` tu. Kinachofuata ni kuipeleka kwenye seva mpya ya pili wiki ijayo, na kumuuliza dada wa zamu kama anataka Ctrl-W mpya au ile aliyoizoea ibaki.